Magurudumu Hayakanyagi Mkeka

Mungu alimpa Raphaël miguu miwili mizima, na kwa miaka mingi kazi ya miguu hiyo ilikuwa kumtoa mbio kwenye nyumba za karata, pale wenzake walipozihesabu karata na kukuta zimezidi.

Kisha mzungu mzee mwenye duka kule Kabambare akafa, vitu vyake vikauzwa. Kitanda kilipata mtu, sufuria zilipata watu. Kiti cha magurudumu kilikosa mtu, maana nani anataka kiti kinachoweza kumkimbia? Raphaël alikichukua kwa jogoo mmoja, tena jogoo si wake. Akakaa kukijaribu tu. Papo hapo wakapita wanaume wawili ambao juma lile lile walikuwa wameapa kumvunja miguu. Wakavua kofia.

"Pole, yaya, kaka yetu," alisema mmoja. "Nani alitutangulia?"

Raphaël alizidi kujiegemeza kitini. Alikuwa anafikiri.

Toka siku hiyo hakukuwa na mlango wa nyumba ya karata uliomshinda. Alikisimamisha kiti kizingitini, akashusha pumzi moja ya kuwahurumisha mawe, watu wakamnyanyua yeye na kiti chake. Wachezaji wote huketi chini mkekani. Yeye, kwa ajili ya huruma, alibaki juu, na toka juu kule aliona karata za kila mtu kama kunguru anavyoona shamba la mahindi. Vijana wa machimbo ya Lusangi walicheza kwa vumbi la dhahabu, lililotiwa ndani ya shina la unyoya wa kuku. Dhahabu ni ya Bula Matari, serikali ya wazungu, na aliyeliwa hawezi kwenda kushitaki kwamba ameibiwa alichoiba. Raphaël alizificha nyoya hizo katika bomba la kiti, chini ya mkono wa kulia, akaziba kwa nta. Njiani, pasipo watu, alikisukuma kiti mwenyewe, pekupeku, kwani viatu vya kilema vikichakaa watu huuliza. Akikaribia kijiji anapanda, anatengeneza uso.

Hivyo ndivyo alivyofika Kasongo, siku ya Mungu, Jumapili mchana, nyumbani kwa Mama Feza, mjane aliyepika wali na kukodisha mkeka wake kwa wachezaji. Kassimu, muuza samaki wa Nyangwe, na André, mpakiaji wa malori, walikwisha kumnyanyua pale Mama Feza alipotokea na birika la maji.

"Hapana. Kwangu viatu vinabaki inje."

"Mama, mimi sina viatu."

"Ile magurudumu ndiyo viatu yako. Imekanyaga mavi ya mbuzi toka soko mpaka hapa. Kiti ibaki inje, mutu aingie."

Watu wakacheka, wakambeba. Ukingoni mwa mkeka Mama Feza alimwosha miguu kama alivyomwosha kila mgeni. Ila kisigino chake alikishika kidogo zaidi.

"Toka lini hii miguu inalala, baba?"

"Miaka saba, mama. Nilianguka toka juu ya muti wa mungazi."

"Pole." Akaugeuza wayo kwenye mwanga wa mlango. Kisigino kilikuwa kimepasuka kama shamba la kiangazi, na pembeni mwa kidole cha mwisho palikuwa na tundu bichi la funza. "Pole sana," akasema tena, akafuta, akaenda zake.

Mchezo ukaanza. Chini mkekani Raphaël hakuona karata ya mtu ila zake, nazo zilikuwa mbaya kwa namna ya kipekee. Alipoteza nyoya zote za mfukoni. Si neno, mali yenyewe imo kwenye bomba. Ndipo akasikia gurudumu la kushoto likilia, kilio alichokijua kama mama anavyojua cha mwanawe. Kiti kilikuwa kinapita mlangoni. Ndani yake ameketi Alimasi, mdogo wake Mama Feza, ambaye machimbo yalimwangukia, na ambaye mji wote ulimjua akitembea kwa mikono, sapatu viganjani. Mama Feza anasukuma.

"Mama," alisema Raphaël taratibu, "ile kiti..."

Mama Feza alisimama. "Ndiyo, vizuri watu wote wasikie. Huyu mugeni ametupa kiti. Anasema yeye amezoea kubebwa, na Alimasi hana wa kumubeba. Ni hivyo, baba? Ama nimekosa? Kama unaitaka, inuka tu, kuya uchukue."

Magoti ya Raphaël yalianza kuinuka yenyewe; akayakandamiza kwa mikono miwili. Mbele yake alikaa Kassimu anamenya chungwa kwa kisu kirefu. Nyoya za Kassimu, alizoliwa na Raphaël juma lililopita katika kijiji cha Wamaza, zilikuwa ndani ya bomba lile.

"Ni hivyo," alisema Raphaël.

André alifuta machozi. "Mutu kama huyu hawezi kuachwa atambae. Tumupeleke kwa masista. Iko daktari mupya, anachoma sindano murefu kwa muguu. Kama ungali na uzima kidogo, unajulikana."

"Msijisumbue, ndugu zangu."

"Unaona moyo wake," alisema Kassimu.

Wakafunga tipoyi ya miti, wakambeba mabegani kama alivyobebwa mzungu mtawala wa teritwari, wakiimba. Alipomwona daktari barazani ananawa mikono, Raphaël aliruka chini akatimka.

Wabebaji walibaki na tipoyi tupu.

"Amepona," alisema André akifanya ishara ya msalaba. "Sadaka yake imemuponya."

Wakamkimbilia wamkumbatie. Raphaël akageuka, akamwona Kassimu yuko mbele, mikono wazi, kisu cha chungwa bado kimesahaulika kiganjani, akakata shauri kama mtu yeyote wa kazi yake: akazidisha mbio. Watu wa Wamaza walimwona akipita. Hakuitika salamu.

Siku Alimasi alipotaka kutia mafuta kwenye kiti, aliikuta nta ya bomba. Mwezi ule nyumba ya Mama Feza ikapata bati, na mtu akiuliza anaambiwa sadaka huzaa. Jioni Mama Feza anamwosha mdogo wake miguu kama alivyomwosha miaka yote, nyayo laini kama za mtoto mchanga.

Habari za muujiza zikafika mbali, na vilema wa kila namna wanakuja kuoshwa kwa maji ya birika lile. Mama Feza hamkatazi mtu. Anageuza wayo kwenye mwanga, anasema pole. Kuna wengine, wakiliona birika tu, wanapona kabla hawajaketi.