Pumu ya Tairi la Nyuma

Lile gari jekundu lilivuka tuta la barabarani kama bibi kizee anayeshuka ngazi: upandeupande, taratibu, na kwa kumwomba Mungu. Lilikuwa gari la mbio, limeinama karibu lilambe lami. Matairi yake yalikuwa mapana pa kukanyagia lakini ubavuni membamba, mpira kidogo tu uliozungushiwa chuma.

Mtu mmoja aliyeketi juu ya pikipiki yake mbele ya duka la vipuri aliliona, akatabasamu. Watu walimwita Daktari, ingawa shule aliiacha kabla shule haijamzoea. Alivaa koti jeupe, na shingoni alining'iniza chombo cha kusikilizia moyo alichokiokota kwenye vitu chakavu. Kazi yake ilikuwa kupima matairi. Hukibandika chombo kwenye tairi, hufumba macho, hutikisa kichwa kwa huzuni, kisha huuza dawa: chupa ya maji ya kijani aliyoyakoroga mwenyewe kwa unga wa ngano, rangi na sabuni ya vyombo. "Ikishaingia humo," huwaambia watu, "msumari wenyewe utaona aibu kuchoma." Katika chombo kile hakuwahi kusikia chochote, kwa sababu hakuwahi kusikiliza.

Tusimcheke haraka. Baadhi yetu tunaosimulia habari hizi tuliwahi kununua kamba maalumu ya kuzuia miwani isipotee, tukaipoteza kamba pamoja na miwani.

Siku hiyo, Jumatano, Daktari hakuwa akitafuta mteja wa chupa. Alikuwa akitafuta gari. Binti yake wa pekee angeolewa Jumamosi. Miaka mingi nyuma, wiki aliyozikwa mkewe, mtoto huyo wa miaka saba alikataa kula. Daktari akaketi naye sakafuni akamwambia, "Kula, mwanangu. Siku ya harusi yako nitakupeleka kwa gari jekundu." Mtoto akala. Tangu hapo Daktari alidanganya watu wengi na wengi akawasahau. Uongo huo mmoja tu ndio uliomnyima usingizi, akataka kabla hajafa ugeuke kuwa kweli.

Gari likasimama. Akashuka Dalali wa magari, mtu wa miwani ya jua, anayetembea kana kwamba barabara ni yake na sisi wengine ni wapangaji.

"Bwana mkubwa," Daktari akasema, "gari lako linaumwa."

"Na wewe ni nani?"

"Daktari wa matairi. Usiogope, kupima ni bure. Kinachouma ni majibu."

Akapiga magoti kwenye tairi la nyuma, upande wa kushoto. Akabandika chombo, akafumba macho, akahesabu moyoni mpaka kumi, maana wagonjwa huheshimu ukimya.

"Pumu," akasema. "Hili linavuja pumzi polepole."

Dalali akavua miwani. Akatazama kushoto, akatazama kulia. "Umejuaje?" akauliza kwa sauti ya chini.

Hapo mtu mwenye akili angesita, ajiulize. Daktari yeye alifurahi.

"Uzoefu, mkubwa. Matairi ya namna hii hayana nyama ubavuni. Shimo dogo, jiwe, ukingo wa barabara, basi tena! Na tairi la akiba huna. Fungua buti tuone."

Kweli halikuwemo. Kulikuwa na pampu ndogo na chupa moja ya dawa ya kuzibia pancha, ile halisi ya kiwandani. Dalali alipogeuka kupokea simu, mkono wa Daktari ukaichukua chupa ile na kuweka ya kijani mahali pake. Ya kiwandani aliiuza mchana huohuo, akamnunulia binti viatu vyeupe.

"Sasa tiba yake?" Dalali akauliza.

"Kulazwa. Nitalichukua Jumamosi asubuhi, jioni nakurudishia likiwa zima."

Dalali alifikiri kwa muda mfupi mno. "Sawa. Lakini tuandikiane." Akatoa karatasi, akaandika: *Nimepokea gari jekundu, matairi yote manne yakiwa mazima.*

"Si nimekwambia moja lina pumu?"

"Hiyo ni siri ya daktari na mgonjwa wake. Tia sahihi hapa. Na cheo chako uandike."

Maishani mwake hakuna aliyewahi kumwomba Daktari sahihi, sembuse cheo. Akaandika vyote viwili, na herufi ya mwisho akaivuta mkia mpaka ukingoni mwa karatasi.

Jumamosi binti alitoka mlangoni, akaliona gari, akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Baba! La nani hili?"

"La mgonjwa wangu."

"Baba..."

"La mgonjwa wangu, mwanangu, na leo amepata nafuu. Ingia."

Gauni likajaa kiti, likamfunika Daktari mpaka kwenye usukani. Ukumbini walitakiwa saa nne. Alivuka kila tuta kwa upole wa mtu aliyebeba mayai, lakini walipofika njiapanda gari likachuchumaa nyuma, kushoto. *Pata, pata, pata.*

"Usiogope," akasema. "Dawa ipo." Akafungua buti. Akaiona chupa. Akaijua, maana mtu huijua kazi ya mikono yake.

"Baba, mbona umesimama? Si umesema dawa ipo?"

"Ipo."

"Ya nani?"

"Yangu."

Wakatazamana. Hata hivyo akaitia, kwa kuwa mtu anayezama hushika hata unyasi alioupaka rangi mwenyewe. Maji ya kijani yakaingia kwenye valvu, yakatokea ubavuni kwa kishindo, yakamrukia kotini na masharubuni.

"Kumbe inafanya kazi," binti akasema. "Imezibua."

Upande wa pili wa njiapanda palikuwa na kibanda cha mama mmoja fundi, ambaye watu wote walimwita Mama Pancha. Alivuka akiwa na tambara mkononi, akainama, akatazama.

"Hili tena?"

"Umeliona wapi, mama?" Daktari akauliza.

"Hapahapa, Jumanne. Dalali alipanda nalo ukingo akiringia watu, na gari lenyewe la mtu, kapewa amuuzie tu. Nikamwambia: tairi likichomwa pa kukanyagia, naziba. Likichomwa ubavuni halizibwi, ni la kutupa. Akanibembeleza nichomeke kijiti cha mpira, limfikishe nyumbani tu. Si hiki hapa? Kimeng'oka."

"Kwa hiyo siku ile lilikuwa linavuja pumzi kweli?"

"Polepole. Ungesikiliza, ungesikia."

Daktari akampigia Dalali simu.

"Oo, pole sana, Daktari," sauti ikajibu kwa furaha. "Mimi nina karatasi. Matairi manne mazima. Na cheo umeandika mwenyewe, kwa mwandiko mzuri kweli."

Daktari akaketi ukingoni mwa barabara, akaanza kucheka, na kicheko chenyewe kilikuwa na maji ndani yake. "Miaka ishirini natunga magonjwa," akasema. "Siku niliyopatia ugonjwa, mimi mwenyewe sikujiamini!" Kisha akamtazama binti yake. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuahidi gari jekundu."

Mama Pancha hakuulizwa wala kuombwa. Alirudi kibandani, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwikoni, mara mbili. Akatandika shuka safi kwenye kiti cha pikapu yake kuukuu, yenye matairi manene kama mapaja ya mpiga mieleka, ndipo akaja kushika pindo la gauni.

Binti alipofika mlangoni mwa pikapu alisimama. "Baba, njoo uone." Alionyesha chini ya kitasa, mahali ambapo kutu haikuwa imefika. Palibaki rangi kiasi cha kiganja. Nyekundu.

"Uliahidi jekundu," akasema. "Hukusema lote."

Saa nne kamili Daktari alimwingiza binti yake ukumbini, yeye akiwa wa kijani mpaka nyusi.

Pikipiki iliuzwa, tairi jipya likanunuliwa, na gari likarudi kwa Dalali. Siku hizi Daktari anajaza upepo kwa Mama Pancha. Wapita njia humtania, "Daktari, bado unauza hewa?" Naye hujibu, "Bado, ila sasa inaingia kwenye tairi."

Asubuhi yake ya kwanza pale, lililetwa gari ambalo tairi lake lilipungua upepo bila mtu kuona tundu. Mama Pancha alilimwagia maji ya sabuni asipate kitu. Daktari, kwa mazoea tu, akabandika chombo ubavuni na kufumba macho. Akahesabu moja, mbili, tatu.

*Sssss.*

Akafumbua macho. Akatafuta mtu wa kumdanganya, hakumwona.

"Mama," akaita polepole, asije akaishtua ile sauti ikakimbia. "Njoo usikilize. Humu mna kitu kweli."