Siku Ishirini za Slasha

Jumatatu, 5 Mei

Nimeanza kifungo leo. Ni kifungo cha nje, lakini ni kifungo. Siku ishirini za kufyeka nyasi na kupiga deki kwenye zahanati ya hapa kwetu Mau Narok, muda wa saa saba kila siku, kwa kosa ambalo nchi nzima inalifanya. Lumbesa! Eti nilishonea wavu juu ya magunia ya viazi, gunia la kilo hamsini likabeba tisini, halafu mkulima nikamlipa la hamsini. Ni kweli. Nani hafanyi?

Hakimu alisema mbele ya watu wote kwamba huo ni wizi. Akaongeza kwamba nikikosa siku hata moja, au nikileta ujanja, ataibadilisha adhabu na nitaingia ndani miezi sita. Alipofika kwenye neno ujanja alinikazia macho. Hanijui, lakini alinikazia.

Kilichoniuma zaidi ni lile benchi la washtakiwa. Nilikalishwa pamoja na mwizi wa mbuzi. Akaniuliza nimeletwa kwa nini, nikamwambia. Akasogea pembeni akaniachia nafasi kubwa katikati yetu, akasema mama yake analima viazi Elburgon. Mwizi wa mbuzi, ananihama mimi!

Msimamizi wangu ni Sista Chesang, muuguzi mkuu wa zahanati. Kati ya wauguzi wote wa Bonde la Ufa, nimepewa huyo. Mwaka jana nilinunua viazi vyake magunia kumi na mawili, na bado anakumbuka urefu wa kila gunia. Alinikabidhi slasha butu na koti la rangi ya chungwa linalong'aa hadi ng'ambo ya bonde. "Karibu, Baba Sue," akasema. "Hapa hatushonei kitu juu. Saa saba ni saa saba." Wagonjwa kwenye foleni wakacheka. Mmoja alikuwa amevunjika mbavu na bado alicheka, akaumia, akacheka tena.

Saa nne Kiptanui akapita na lori lake. Huyu Kiptanui ni broka mwenzangu wa viazi, na nyavu zake siku zote zimekuwa ndefu kuliko zangu. Alipiga honi mara tatu. Yeye yuko huru, mimi nafyeka.

Jumanne, 6 Mei

Koti hili ndilo adui. Kila anayeenda sokoni analiona. Nikaamua nibadilishe habari yenyewe. Nilimwambia mama mmoja aliyeleta mtoto chanjo kwamba najitolea tu, Bwana amenigusa moyo. Nikawaambia na wengine wawili.

Ilipofika saa saba mchana, habari zilikuwa zimemfikia pasta. Akaja na akina mama wa kanisa, wameleta chai na mandazi. Wakaniwekea mikono, wakaiombea hata slasha. Pasta akaniomba nitoe ushuhuda Jumapili. Nikakubali, ningekataaje? Mambo yalikuwa yananiendea vizuri kuliko siku yoyote tangu nikamatwe mwezi wa tatu.

Kisha pasta akamuuliza Sista Chesang kama waumini wengine wanaweza kujiunga na huduma hii. Sista akasema wanaweza kabisa, ila kwanza sharti wahukumiwe. Akatoa barua ya korti mfukoni. Anatembea nayo! Akaisoma yote, hadi idadi ya magunia, thelathini na nane. Nilikuwa nimesahau kwamba akina mama wale wote ni wakulima wa viazi. Waliondoka bila kuaga. Mmoja alinipokonya andazi nililokuwa nimeshaliuma.

Jumatano, 7 Mei

Mgongo umekataa. Mikono ina malengelenge. Lakini akili inafanya kazi.

Kila Jumatano Sista Chesang huenda Nakuru kwa mkutano. Anayebaki na daftari la mahudhurio ni mzee wa usafi, na macho yake hayaoni vizuri. Jirani yangu Weldon ana kimo changu na mwendo wangu. Nikamvalisha koti la chungwa, kofia na barakoa, nikamwahidi baiskeli yangu ya zamani, nikamtuma akafyeke. Mimi nikalala hadi saa tano. Nililala vizuri sana.

Nilipoamka nikamwambia mke wangu Njoki avipeleke Njoro siku ya Ijumaa vile viazi vilivyobaki stoo, kabla havijaoza. Akauliza kama azifungue nyavu kwanza, kwa sababu ya kesi. Nikamuuliza tangu lini mtu akafungua lumbesa iliyokwisha kushonwa. Akaenda kuulizia pikapu ya kukodi. Njoki ni mtu wa kufuata maagizo, hilo siwezi kumlaumu.

Jioni Weldon akarudi anatabasamu. Amefyeka kiwanja chote, amepunguza ua, amezibua mfereji wa maji ya mvua. Nikamuuliza alitia sahihi gani kwenye daftari. Akasema yake. Jina lake lote, na nambari ya kitambulisho, kwa herufi kubwa, kwa kuwa mama yake alimlea asiandike jina la mtu mwingine kwenye karatasi za serikali. Kwa hiyo kwa hesabu za serikali Weldon ametumikia saa saba za kosa langu, na mimi sikuonekana! Na akaniuliza kama anaweza kwenda na kesho, maana watu wa pale ni wazuri na chai ina maziwa ya kutosha.

Alhamisi, 8 Mei

Sista Chesang aliliona daftari saa mbili na dakika tano. Saa tatu afisa wa probesheni anayesimamia vifungo vya nje, Bwana Kosgei, alikuwa amefika kwa pikipiki. Akamwita Weldon, akamuuliza amefanya kosa gani. Weldon akasema hajafanya kosa lolote. Kosgei akamuuliza basi mbona anatumikia kifungo. Weldon akasema aliona nyasi zimekuwa ndefu. Walielewana sana hao wawili. Kosgei hata alimwandikia cheti cha kumshukuru.

Mimi niliandikiwa barua ya kurudi kortini Jumatatu. Miezi sita. Nimeisoma barua mara nne na kila mara miezi ni sita.

Na wakati naisoma, Kiptanui akapita. Honi mara tatu. Mimi niingie ndani, na yeye aendelee kushona nyavu na kupiga honi? Haiwezekani. Nikienda naenda naye. Nikaenda nyuma ya choo cha zahanati, nikampigia simu afisa wa vipimo kwa sauti ya kizee. Nikamwambia kesho saa nne aweke mzani pale njia panda. Akaniuliza asimamishe gari gani. Sikutaka nijulikane kwa kutaja jina, kwa hiyo nikamwambia asimamishe kila gari la viazi linalotoka huku juu, asiliachilie hata moja. Akanishukuru, akaniita mwananchi mwema. Ni mara ya kwanza mwezi huu kuitwa kitu kizuri.

Ijumaa, 9 Mei

Nilifyeka kwa furaha asubuhi yote. Kutoka kwenye ua wa zahanati njia panda inaonekana wazi. Maafisa walifika mapema, wakatundika mzani. Saa nne na dakika kumi lori la Kiptanui likasimamishwa.

Gunia la kwanza: hamsini. La pili: hamsini. La kumi: hamsini. Nikadhani mzani umekufa. Kiptanui akashuka akawaeleza, kwa sauti ya kusikika hadi wodi ya wazazi, kwamba tangu mimi, Mbugua, nihukumiwe yeye ameogopa, ameacha, anapakia kilo hamsini kamili. Ndiyo maana anapiga honi akipita, kunishukuru! Afisa akamshika mkono. Mtu anabadilika hivi hivi bila kuwaambia wenzake!

Nyuma ya lori kulikuwa na pikapu ya kukodi. Nyavu zimesimama juu ya magunia kama watu waliosimama. Nilizijua zile nyavu. Nilizishona mimi. Na kando ya dereva alikuwa Njoki, amefunga kitambaa chake cha kanisani.

Nikakimbilia langoni, nikapunga slasha hewani kumwonyesha arudi. Akadhani namsalimia. Akanipungia mkono.

Kilo tisini na nne. Maisha yangu yote sijawahi kufika tisini na nne.

Jumapili, 11 Mei

Njoki aliachiliwa kwa dhamana jana. Naye anafika kortini kesho, siku moja na mimi. Haniongeleshi. Anapika, anaweka sahani moja mezani, anakula, anaosha. Leo amesema neno moja tu: kwamba mama yake alikufa akiwa na miaka themanini bila kukanyaga mlango wa korti.

Niliona aibu. Aibu ya kweli, nilienda nikakaa stoo peke yangu kwenye magunia matupu. Njoki, ambaye hata chenji ya ziada huirudisha dukani, atasimama pale nilipokaa na mwizi wa mbuzi. Na nyumba hii nani ataishika tukienda wote?

Halafu nikapata wazo. Mahakimu wanapenda ukweli kwa sababu hawauoni mara nyingi. Nikisimama kabla ya kuitwa, nikabeba kosa lote, hakimu ataguswa, na mtu aliyeguswa moyo hamfungi mwenzake. Atatuachilia wote wawili. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo tangu saa tisa. Chozi linatoka jicho la kushoto tu, lakini linatosha.

Jumatatu, 12 Mei

Kesi ya Njoki ilitajwa kwanza. Nikasimama. Nikasema magunia ni yangu, nyavu ni zangu, mke wangu alitii tu, na kama kuna wa kuadhibiwa basi ni mimi. Sauti ilikatika pale pale nilipoipanga. Hakimu akavua miwani.

Akasema kwamba kwa miaka yake yote kwenye kiti hicho ameona wanaume wachache sana wakisimama hivyo. Njoki akaachiliwa. Nikainama kidogo kwa heshima, nikisubiri langu. Hakimu akanishukuru kwa kumrahisishia kazi, akanipa miezi sita ndani. Nikaendelea kusubiri. Nilidhani kuna "lakini". Hakukuwa na lakini.

Njoki alinishika mkono mlangoni, askari ananivuta huku. Analia. Akasema, "Baba Sue, miaka ishirini na mbili, na mimi sikujua uko na roho kama hiyo." Nilitaka kumwambia ilikuwa hesabu tu, na imekataa. Nikamwambia tu asisahau kufunga stoo.

Jumamosi, 31 Mei

Daftari hili nimerudishiwa na kasisi wa jela. Selo yetu ina watu kumi na mmoja. Kuna mvunjaji maduka anayeniuliza kila siku kwa upole nilipata wapi moyo wa kuwafanyia wakulima vile. Anataka kuelewa. Mwenzake, aliyekuwa akichomoa pesa mifukoni mwa watu stendi, hataki kabisa kulala karibu nami. Nimewaambia wote wawili wajiangalie kwanza. Hakuna anayejiangalia humu.

Leo Njoki alikuja kuniona. Amenawiri. Ameichukua biashara, amemwajiri Weldon, anapakia kilo hamsini kamili. Wakulima sasa wanamletea viazi wenyewe hadi mlangoni, hazunguki mashambani tena. Sista Chesang anamuuzia. Akina mama wa kanisa wanamuuzia, wale wale. Alisema kila anayemuuliza humwambia nilivyosimama kortini, na kwamba jambo hilo ndilo lililompa nguvu ya kuanza upya, kwa njia safi. Machozi yalimlengalenga.

Nilifikiri sana nimpe neno gani mwanamke kama huyu, aliyetoka Mau Narok alfajiri kuja kunitazama kupitia waya. Nikasogea karibu nikamwambia: kama sasa wanamwamini kiasi hicho, hakuna anayepima tena. Aanze kidogo. Hamsini na tano.

Njoki akasimama, akajifunga leso vizuri, akaondoka. Askari akamwambia bado kuna dakika kumi. Akajibu kwamba hizo dakika niachiwe mimi.

Nimekasirika hadi sasa. Dakika kumi nzima nimekaa pale naangalia kiti kitupu. Hata hakungoja nimalize. Kama hamsini na tano aliona ni nyingi, ningeshuka hadi hamsini na tatu.