Siku Pini Ilipotoka Makomeno

Sogeeni, enyi mliomo majumbani nanyi mpitao njiani! Mwenye kutwanga na atue mchi, mwenye kugombana na jirani na aahirishe hata jioni, kwani nataka kuwasimulia vita ambavyo redio haikuvitangaza, ingawa mwaka ule redio ilitangaza kila kitu: vita vya Donat wa mtaa wa Makomeno, karani wa posta ya Lubumbashi, simba wa mihuri, na pini moja ya chuma isiyozidi punje ya mchele.

Ulikuwa mwaka wa pili wa kujitenga kwa Katanga, Jumamosi, baada ya chakula cha mchana. Clotilde, mke wa Donat, alikuwa amejifungua binti siku tisa zilizopita, na maziwa yalimtoka kwa kusitasita kama mgeni asiyejua nyumba. Nyama hakuitaka, maharage hakuyatazama. Alitamani mchuzi wa samaki wabichi. Lakini malori ya samaki kutoka Luapula yalikuwa yamekwama kwenye vizuizi vya barabarani, na sokoni walibaki dagaa wakavu peke yao, wamekunja nyuso.

Ndipo alipowasili kutoka Kipushi mama yake Clotilde, Ngalula mwenye sauti ya kengele, mwenye miaka thelathini katika kazi ya kushona. Kwa desturi ya watu wao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawasemezani. Basi likatundikwa pazia la kitenge mlangoni, mama akakaa chumbani na mzazi, mkwe akakaa uani, na maneno yote yakapitia kinywani mwa Clotilde, ijapokuwa kila mmoja alimsikia mwenzake waziwazi.

Ngalula akatoa tamko lake. "Clotilde, ambia bwana yako! Mutoto anazaliwa, na mama yake anakauka sawa kitambaa ku kamba. Kama dimanche samaki haiko mu nyungu, lundi asubui minakamata binti yangu na mujukuu, tunarudia Kipushi!"

Tamko lile, samaki chunguni Jumapili ama safari Jumatatu, lilimpiga Donat kifuani, mahali palepale alipozoea kumlaza binti yake. Mto Kafubu haukuwa mbali, na silaha alikuwa nayo: fimbo ya kuvulia na mulineti yake, ule mtambo mdogo wa kukunja mshipi. Ole wake! Mulineti ilikuwa imejaa mchanga na haizunguki. Ili kuifungua sharti utoke mkono wake wa kuzungushia; ili mkono utoke sharti itoke ile pini iliyoupenya; na pini, kwa kutu na kwa kiburi, ilikuwa imeapa kufia humo.

"Ambia mama bukwe," Donat akanguruma, nyundo juu, "miye karani ya posta, minaapa mbele ya hii marteau: kapini katatoka, ao miye njo nitatoka!"

Akaupeleka vitani msumari, ukapinda. Akaipeleka pini ya nywele ya mkewe. Ikasalimu amri kabla ya kupigwa. Akaipeleka sindano ya cherehani. Ikavunjika, nusu yake ikarukia paani, na hata leo haijarudi. Kuku wakauhama uwanja wa vita.

Kelele zikamvuta Lucien, jirani, muuza makaa mweusi kwa kazi na mweupe kwa moyo. Akasimama juu ya debe kando ya ukuta, akahutubia ua mzima: "Ndugu Donat! Muntu hapigane na mamba na kijiti! Kamata chuma ya gurudumu ya kinga yangu. Zingine makumi tatu na tano zinabakia, zitanibeba tu!"

Akaing'oa spoku moja ya baiskeli yake. Wakaikata fupi, wakaisugua ncha kwenye jiwe mpaka ikawa bapa, ipate kusukuma bila kuteleza. Wakaidondoshea pini mafuta ya taa. Donat akapiga. Ta! Akapiga tena. Ta! Pini haikusogea hata unywele.

Nyuma ya pazia, Ngalula akatega sikio.

"Clotilde, ambia bwana yako asimame! Ku mukono ya mashine yangu ya kushona kwiko kapini sawa kale. Kako na kichwa munene na mukia mwembamba. Minasikia ile mulio: anapiga ku kichwa! Anakafunga zaidi! Ageuze, apige ku mukia!"

Donat akaileta mulineti karibu na jicho. Kweli: upande huu nukta ya chuma ilikuwa pana, upande wa pili nyembamba. Ni mashujaa wangapi, wasikilizaji wangu, waliotoka jasho mchana kutwa wakimsaidia adui!

"Ambia mama bukwe," akasema kwa sauti ndogo, "minaomba pardon."

"Pardon haitoshe kapini!" likajibu pazia, kwani kwao kutosha ni kutoa, na Clotilde akacheka mpaka akasahau kufikisha ujumbe. Kisha kibiringo cha mbao kisicho na uzi kikaviringika chini ya pazia hadi uani. "Aweke mulineti juu ya ile tundu. Kapini kapate fasi ya kuanguka."

Donat akageuza. Akalenga tundu. Akaisimamisha spoku mkiani mwa pini, akapiga. Ta. Ta. Tii! Pini ikatumbukia ndani ya kibiringo, ikalia kama kengele ya panya.

Lucien akaanguka kutoka kwenye debe kwa furaha. Donat aliikamata pini akakimbia, amesahau desturi, amesahau pazia, alikwisha shika ncha ya kitenge Clotilde alipopiga yowe: "Bwana! Mama iko hapa!" Akafumba macho kwa nguvu hata machozi yakamtoka. Ndani, Ngalula akajifunika kichwa kwa nguo.

Kisha mkono ukatokeza kando ya pazia, kiganja juu, vidole vimejaa makovu ya sindano. Donat akapapasa, akaiweka pini humo.

"Kadogo vile?" akauliza Ngalula, wala hakumwagiza Clotilde.

"Kadogo vile, mama," akajibu Donat.

Yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu ndoa, miaka minne.

Jumapili, mulineti imekwisha oshwa mchanga na pini imerudishwa mahali pake, kabla misa ya pili haijatoka, Donat alirudi kutoka Kafubu na perege watano. Clotilde akanywa bakuli tatu za mchuzi, na mtoto akashiba hata akakoroma. Lori la Kipushi la Jumatatu likaondoka bila Ngalula. Yeye alikuwa nyuma ya pazia, akimwimbia mkwewe sifa kama waimbiwavyo machifu: "Donat mutosha-kapini, Donat mugeuza-mulineti, chuma inamusikia, samaki inamufwata!" Naye Lucien, spoku pungufu, akazunguka Makomeno akidai posta itoe stempu yenye picha ya pini.

Stempu haikutoka. Lakini ninyi waandishi wa tarehe, mlioujaza mwaka ule majenerali na mikataba, ongezeni mstari mmoja: pini ilitoka, na ilitokea upande wa kichwa.