Hotuba ya Kukabidhi Mashuka ya Vitanda vya Maji kwa Makao ya Wazee ya Subira, Mji wa Kale

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Ustawi wa Malazi, Mheshimiwa Makamu wake, ambaye ni shemeji yangu lakini leo amekuja kwa sifa zake mwenyewe, wawakilishi wa waheshimiwa, na wawakilishi wa wawakilishi waliokwama foleni Ganjoni, Sheikh wa mtaa, Mchungaji Seth, Bi. Rosebella, msimamizi wa makao haya. Muuguzi Purity Kenga, ambaye namwona amesimama ingawa viti vipo. Wazee wetu mlioketi hapa uani, na wazee wetu mliolala ndani mnaonisikia kupitia dirishani: Salaam aleikum, Bwana asifiwe, hamjambo, na itifaki yote izingatiwe. (Makofi safu ya mbele.)

Mimi, Maxwell Kavumbi, Mkurugenzi wa Kitengo cha Mashuka na Masuala Mtambuka, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa ambao wengi wameusifu. Mwaka juzi Bi. Rosebella alituandikia barua ya kurasa mbili. Alisema wazee kumi na wanne hapa hawawezi kujigeuza, migongo yao imeota vidonda vya kulalia, na kwamba daktari amependekeza vitanda vya maji, kwa kuwa maji hayamkandamizi mtu mahali pamoja. Kiongozi mwingine angekurupuka akanunua vitanda. (Sauti nyuma: “Angekurupuka tu!”) Ahsante. Mimi nilijiuliza swali la kimkakati: vitanda hivyo vitatandikwa nini?

Hapo ndipo tulipounda kamati ya watu kumi na mmoja, tukafanya upembuzi yakinifu, tukafanya benchmarking, yaani ziara ya kuona wenzetu wamefanyaje, tukaandaa rasimu, tukaipitia rasimu, na hatimaye asilimia themanini na moja nukta nane ya wajumbe wakaafikiana kwamba kitanda chahitaji shuka. Wajumbe waliosalia walikuwa wameenda kula. (Makofi ya shemeji.)

Lakini kamati haiwezi kujifungia ofisini. Mwezi Machi nilifika hapa mwenyewe kukusanya maoni ya umma, nikampata umma huo kitanda cha tatu kutoka mlangoni. Ni Mzee Khubaib, fundi cherehani aliyeshona miaka arobaini karibu na Ngome ya Yesu, na ambaye kiuno chake sasa hakimtii. Nikamwambia, “Mzee wangu, tunataka shuka lililokaza, lisilo na hata kunyanzi moja, lipendeze kwenye picha.”

“Mwanangu,” akasema, “shuka la kitanda cha maji halikazwi kama ngozi ya ngoma. Ukilikaza, maji yalioko tini hayatembei, na mgonjwa huwa alala juu ya ngoma. Wataka pamba laini yenye kunyumbuka. Pembe zishonwe ndefu, zilishike godoro mpaka tini yake, zitiwe lastiki ili zisichopoke mtu akigeuzwa. Na usilipime godoro tupu. Lipime likishajaa.”

Maneno hayo yamo katika ripoti yetu, ukurasa wa hamsini na tisa, chini ya kichwa “Ugunduzi wa Mkurugenzi.” (Mzee Khubaib, kutoka dirishani: “Mbona huelezi nilivyokuuliza baadaye?”) Naam, Mzee aliniuliza, “Na hicho kitanda ki wapi?” Nikamjibu kwamba swali lake limepokelewa. (Kicheko safu za nyuma. Safu ya mbele inageuka kutazama.)

Na leo, mabibi na mabwana, matunda ya mchakato huo mnayaona juu ya meza hii: shuka hili jeupe, upana wake futi saba, pembe zake inchi kumi na mbili, lastiki yake...

(Muuguzi Purity: “Bwana Mkurugenzi, samahani. Saa nne imefika. Kila baada ya saa mbili ni lazima tuwageuze wagonjwa.”)

Muuguzi, nimebakisha kurasa tisa tu.

(Muuguzi Purity: “Kidonda hakisomi kurasa, bwana.” Anaingia ndani. Bi. Rosebella anamfuata.)

Huo ndio moyo wa kujituma tunaouhimiza. Kama nilivyokuwa nikisema, lastiki yake imefanyiwa majaribio ya kuvutwa mara elfu moja na mia mbili, kazi iliyofanywa na mhudumu wa ofisi yetu, ambaye vidole vyake vinaendelea kupona. Kwa takwimu hizo, kisiwa hiki kinaongoza...

(Muuguzi Purity anarudi, anaelekea mezani. “Mzee Musyoka ni mzito, na shuka tulilomwekea limechanika tukimvuta. Nahitaji pana, imara.” Anachukua shuka lililo mezani.)

Muuguzi, hilo ni sampuli rasmi!

(“Naam, na yeye ni mgonjwa rasmi.” Anaingia nalo. Bi. Auma, aliyekuja kumletea babake uji, anaweka chupa chini na kumfuata. Kina mama watatu wanainuka. Mchungaji anakunja mikono ya shati. Sheikh anavua viatu mlangoni. Kutoka ndani: “Moja, mbili, haya!” Kisha sauti ya mzee akishusha pumzi ndefu.)

Nafurahi kuona wadau wakishirikishwa. Kwa walioketi bado... kwa shemeji na mpiga picha, naendelea.

(Mzee Khubaib, kutoka dirishani: “Pembe mumezishona sawa. Hili shuka ni zuri. Sasa leta kitanda!”)

Maoni yamepokelewa. Naomba sasa tusimame kwa kauli mbiu zetu. Malazi bora! Mnajibu: “Ni haki yetu!” Lastiki imara! (Shemeji: “Kisiwa imara!”)

Kwa kuhitimisha, namshukuru meneja wa hoteli moja ya huko kaskazini mwa pwani, mwenye kitanda cha maji cha pekee ambacho kamati yangu ilifanikiwa kukiona, na ambacho mimi binafsi nilikilalia siku nne kwa niaba yenu. Namshukuru kwa kutuazima shuka lake kwa hafla hii. Nawashukuru nanyi kwa subira, maana jukumu la mradi wetu lilikuwa kuchagua mashuka, na tumekwisha kuyachagua. Kuyanunua ni mradi mwingine, vitanda ni mradi wa tatu, na miradi hiyo miwili bado haijaandikwa na mtu yeyote mahali popote. Kwa hivyo, Muuguzi, mkishamaliza na huyo mzee, tafadhali likunjeni lile shuka mnirudishie. Dereva anangoja.

(Mlango wa wodi unafungwa kwa ndani.)