Pacha Wangu wa Kwenye Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Naandika nikiwa hai. Mtasoma nikishazikwa. Sukari yangu haishikiki, basi binti yangu daktari ameniundia pacha ndani ya kompyuta: mzee wa namba tupu, mwenye kongosho bovu kama langu. Kila siku namtumia binti kipimo cha damu. Pacha anajaribiwa dozi za insulini kabla yangu. Akizimia yeye, mimi nimepona. Mpango mzuri! Ila jemu ni marufuku.

Jumatano, 5 Machi
Nimekula jemu. Vijiko vinne. Kipimo kingenisaliti. Nikamwomba mke wangu kidole, eti nakagua kama mashine ni nzima. Akasema haya mzee, choma upesi, maji yanachemka. Sita nukta tisa. Nikaituma kama yangu. Binti kanisifu!

Jumamosi, 8 Machi
Siku ya nne ya kidole cha mke wangu. Kompyuta imeridhika, ikapunguza dozi yangu. Hilo sikulipigia hesabu! Kiu hainitoki. Macho yana ukungu. Miguu ganzi. Pacha ananawiri, mimi naoza. Nikisema, aibu: mwalimu wa hesabu miaka thelathini, kughushi namba! Nikinyamaza, kaburi. Nimenyamaza.

Jumapili, 9 Machi
Leo nimempima mke wangu baada ya chakula cha mchana. Kumi na nne! Nikarudia. Kumi na tano. Nilipotuma, binti kapiga simu akifoka: Baba, umekula nini? Nikajibu jemu, nikakata. Mke wangu yuko jikoni, bilauri ya tatu ya maji. Naogopa kumtazama.

Jumatatu, 10 Machi
Nimekiri. Kwa binti na kwa mama yake. Binti kauliza kama nina akili timamu. Mke wangu kasema miaka arobaini namnyonya damu, hakujua nimeanza na kuipima. Hospitali wamethibitisha: ana sukari. Imewahiwa, alhamdulillahi. Naye kaundiwa pacha. Dozi yangu imerudishwa. Nimelia. Nimeapa.

Alhamisi, 13 Machi
Siaminiki tena na kidole. Binti kanibandika kidude mkononi. Kinatuma vipimo chenyewe. Anasema hiki hakidanganyiki. Naogopa kufa, Mungu anajua. Jioni jirani wa mlango wa pili amekuja kunijulia hali. Mkakamavu, hupanda ngazi mbio, hajawahi kulazwa.

Nimeutazama sana mkono wake.