Mama Mkwe Ukutani

Jumatatu, 5 Agosti 1985
Mwezi wa nne bila Dafroza. Mke wangu yuko kwao Guta, upande wa Bunda. Aliondoka baada ya Pasaka, akisema amechoka kuishi na mipango. Nalala upande mmoja wa kitanda, wake nimeuacha kama alivyouacha. Leo barua: baba yake, Mzee Nyamhanga, atakuja Jumamosi kuona kama nyumba yangu inafaa kurudishiwa mke. Nimetazama kuta. Tupu! Jirani yangu Boniphace ana picha tisa na saa ya ukutani kutoka Nairobi. Dafroza alizoea kuzisifu. Basi tatizo la ndoa yangu nimelijua. Nitatundika kumi.

Jumanne, 6 Agosti
Msumari haupatikani Musoma nzima. Maduka ya mtaa wa Mukendo sasa yana vitenge, marashi, hata biskuti za bati. Msumari, hakuna. Nimeng'oa kumi kitandani, upande wangu. Picha nimekata kwenye kalenda za zamani: ng'ombe wa Kizungu, trekta, maporomoko, Bikira Maria. Nimeongeza ya kipaimara changu. Fremu ni mbao za kreti. Boniphace amechungulia, akauliza kama nahama. Wivu huo.

Alhamisi, 8 Agosti
Ukuta lazima uwe na katikati. Kwenye sanduku la Dafroza nimekuta picha ndogo ya mama yake, siku ya jubilei ya akina mama wa kanisa. Chini yake kulikuwa na gauni la mke wangu. Bado lina harufu yake. Nimekaa nalo sakafuni muda mrefu, nimemkumbuka mno. Kisha nikaipeleka picha kwa Stanislausi wa studio, aikuze. Akauliza mara mbili kama ni mama yangu. Nikasema mama mkwe. Akaigeuza picha uso chini. Wapiga picha hawajui mapenzi.

Ijumaa, 9 Agosti
Imetoka kubwa kama sinia! Nimeiweka katikati, juu ya zote. Ajabu: mama mkwe sijawahi kumtazama usoni. Kwetu ni mwiko. Tukikutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Leo nimemtazama. Ana macho ya Dafroza. Picha si mtu, nimejiambia. Hata hivyo nimekula nikiwa nimegeukia mlango, na nguo nimebadilishia chooni.

Jumamosi, 10 Agosti
Mzee amefika kwa basi la Bunda pamoja na dada yake, Shangazi Miriamu. Akasifu fremu. Akaanza kutazama picha moja moja. Akafika katikati, akavua kofia, akaivaa tena. Chumba changu ni kimoja. Kitanda kiko nyuma ya pazia, na pazia nilikuwa nimelisahau wazi. Akatazama picha, akatazama kitanda, akanitazama mimi.

"Wenceslaus, mama mkwe wako anakuonaga ukivua suruali?"

Nikaeleza kwamba picha si mtu. Shangazi Miriamu alikuwa ameshatoka nje, kajifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Mzee akaishusha picha, akaifunga kwa kitenge, akaibeba kwa mikono miwili. Mlangoni akageuka. Hakuwa na hasira tena, na hiyo ndiyo iliniumiza.

"Na binti yangu? Yeye yuko wapi hapa?"

Nikatafuta ukutani. Ng'ombe yupo. Trekta ipo. Mimi nipo. Dafroza hayupo. Walipoondoka nikaketi kitandani nilie, upande wangu ukaanguka.

Jumatano, 14 Agosti
Jeska, muuza dagaa wa stendi, ameleta ujumbe kutoka Guta. Dafroza amesikia yote. Alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwagiza Jeska maneno haya: "Mwambie aache ukuta. Aje anichukue mwenyewe."

Nimemwomba Jeska arudie mara tatu. Nimelia kidogo. Anataka kurudi! Kesho Guta, basi la kwanza!

Ila kesho siyo vizuri. Arudi akute katikati hakuna kitu? Ninayo picha yake ndogo, ile ya kitambulisho. Nimemwambia Stanislausi aikuze iwe pana kama mlango. Anasema karatasi ya ukubwa huo itafika Oktoba. Miezi miwili tu. Dafroza atafurahi sana.