Mume Wangu, Askari wa Zimamoto

Jumapili, 2 Novemba

Bahaa kamtaka Nesma! Mdogo wangu, niliyemsuka nywele tangu mama yetu alipofariki, anaolewa. Nimelia. Rodina mwanangu naye akalia, ingawa yeye ni meno yanaota. Sabri mume wangu akatoka chooni mbio kuuliza nani kafa.

Kijana mzuri, huyu Bahaa. Wakili, bado anajifunza kazi. Masikio makubwa kidogo, lakini masikio hayajamdhuru mtu. Asijue tu kazi yake Shangazi Wagida wa Tanta, anayeapa kuwa mitende yake yote imeliwa na wakili.

Tatizo ni mama yake, Hajjati Inshirah. Ijumaa wanakuja rasmi. Kabla ya hapo atapita mtaani kutuulizia, kama wanavyofanya wote. Na ataulizia kazi ya shemeji wa binti. Na Sabri ni dalali wa nyumba! Hapa Shubra ukitaja dalali watu wanapapasa mifuko yao. Posa ya kwanza ya Nesma iliishia hapohapo. Walisikia dalali, wakaaga, hawakugusa hata chai. Keki waliyoleta ikabaki mezani. Nesma hakuitia mdomoni. Niliila mimi, kwa uchungu.

Safari hii hapana. Nitafanya jambo. Sijui jambo gani, lakini nitalifanya.

Jumatatu, 3 Novemba

Sikulala vizuri. Foleni ya mkate asubuhi. Nikauliza kijanja, kama mtu anayepitisha muda: jamani, siku hizi mtu wa kazi gani anaaminika?

Kosa! Mama Karam akasema si sonara, maana kidole chake kinalala kwenye mizani. Mke wa sonara alikuwa nyuma yake. Akajibu kwamba afadhali sonara kuliko fundi bomba, anakuja kuziba tundu moja anakuachia mawili. Mume wa Mama Karam ni fundi bomba. Basi! Daktari akachambuliwa, mwalimu wa masomo ya ziada akachambuliwa, muuza magari akatukanwa mpaka babu yake. Wanasiasa walipotajwa watu walicheka tu wakasogea mbele. Mawakili walisemwa mpaka nikaona haya kwa niaba ya Bahaa. Na dalali! Kila aliyemtaja dalali alinigeukia kwanza, akaniambia samahani, Mama Rodina, kisha akaendelea kumtukana.

Aliyesalimika ni mmoja tu. Askari wa zimamoto. Hakuna aliyekuwa na neno baya juu yake. Mama Karam akasema ni kwa sababu hajawahi kufika kwetu, gari lake halipiti kwenye kichochoro. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshapata!

Nilirudi nyumbani mbio. Bila mkate.

Jumanne, 4 Novemba

Sabri, zimamoto! Mtu ambaye nikiwasha oveni ya gesi yeye husimama ngazini. Sikumwambia kitu. Ana ugonjwa wa kusema ukweli, mteja humwonyesha nyufa kabla ya kumwonyesha dirisha, ndiyo maana na sisi wenyewe tunaishi kwenye nyufa.

Nimeoka basbusa, keki ya semolina. Shira tele. Nikawapelekea wale ambao kila mama wa bwana harusi lazima awaulize. Fundi Gaber mpiga pasi, anayejua mashati ya kila nyumba. Shahat kinyozi. Na Amu Abduh, bawabu wetu. Somo lilikuwa fupi: Baba Rodina ni zimamoto, shujaa, mtu wa watu. Gaber akakubali mdomo umejaa. Shahat akauliza kama anaruhusiwa kuongeza chumvi. Nikamwambia ongeza, kaka yangu, ongeza.

Amu Abduh ndiye mtihani. Yeye na Sabri wanagombea wapangaji tangu sijaolewa. Alikula basbusa yote, akalamba kidole, kisha akasema binti yangu, mimi nikimsifu yule ulimi utakauka. Labda ulainishwe na mafuta ya bata.

Anamjua bata wangu! Yule wa juu ya paa, niliyekuwa namnenepesha kwa ajili ya Ijumaa. Shetani mwenye kanzu. Nikambeba bata mwenyewe mpaka chini. Alinitazama njia nzima.

Kwa ajili ya Nesma. Kwa ajili ya Nesma.

Alhamisi, 6 Novemba

Kaja! Mwanamke mrefu, baibui jeusi, mfuko wa machenza. Nilijificha roshani nyuma ya shuka zilizoanikwa, Rodina kiunoni. Nikamwona anaingia kwa Gaber. Gaber anarusha mikono juu kama miali. Akaenda kwa Shahat. Shahat kaacha mteja nusu ndevu, anaonyesha kitu juu ya paa. Akaja kwa Amu Abduh, chini yangu kabisa. Nikainama nisikie. Rodina akaachia kibanio cha nguo. Kikampiga Hajjati utosini!

Nikalala sakafuni. Rodina akacheka kwa sauti, mwanangu mtamu, hajui kujificha.

Nilipochungulia tena, Hajjati alikuwa anatembea taratibu, anatazama kuta za nyumba, moja baada ya nyingine. Anaupenda mtaa wetu! Nimeshinda! Nimemwambia Nesma aanze kufikiria rangi ya gauni.

Ijumaa, 7 Novemba

Vyombo bado havijaoshwa. Naandika hivyohivyo.

Walikuja baada ya alasiri. Kuku niliyepika alikuwa mwembamba. Harufu ya bata ilikuwa inapanda kutoka chumba cha bawabu, na Hajjati akanisifia mapishi. Nikazipokea sifa. Sabri alikuwa hajarudi, alikuwa anamwonyesha mtu nyumba. Nikasema yuko zamu.

Hajjati akaweka chini gilasi ya chai. Akasema mtaa wenu una watu wema, mwanangu. Mpiga pasi kaniambia Baba Rodina alimtoa bibi harusi motoni na shela yake. Kinyozi kasema alishuka paani na tundu zima la njiwa. Bawabu kasema jengo hili lote alilizima kwa blanketi. Basi niambie, kuta zenu mmepaka rangi gani? Maana moto wote huo, na sikuona hata doa moja jeusi.

Nikasema tunasugua.

Akasema wote watatu walitamka "shujaa, mtu wa watu", na wote walikuwa na shira kwenye masharubu. Akasema maishani mwake mtaa ulimwimbia wimbo mmoja mara moja tu kabla ya hii, siku walipopewa na dalali ile nyumba yao ya Imbaba, ile yenye unyevu. Akafunga mkoba wake. Nesma akaanza kulia kimyakimya, sinia mkononi. Moyo wangu ulipasuka.

Hapo ndipo Sabri akaingia na mfuko wa mapera.

Hajjati akasimama. Wewe!

Na Sabri, bila aibu, kama amekutana na jamaa yake: ahlan, Hajjati, ule ukuta wa bafuni umekauka?

Nilitamani sakafu initafune. Hajjati akapaza sauti, dalali mwongo, umetuzamisha kwenye maji! Sabri akaweka mapera mezani, akasema mama yangu, majirani walifundishwa la kusema na mwenye nyumba. Mimi nilikugongea ule ukuta kwa mkono wangu, nikakwambia unalia maji, usichukue. Ukasema utaweka kabati.

Bahaa, masikio yamekuwa mekundu, akasema pole pole: alisema, mama. Nilikuwepo. Na kabati tuliweka.

Hajjati akatazama dari. Kisha akakaa. Akaomba chai nyingine. Akasema dalali huyu namwamini. Halafu kidole kikanielekea mimi: wewe, Mama Rodina, hata kishada cha kotimiri sinunui kwako.

Wakasoma Fatiha! Nesma kachumbiwa!

Jumapili, 9 Novemba

Nesma alininunia siku nzima ya jana, leo kanikumbatia. Sabri kaniapisha nisirudie tena mambo haya. Nimeapa, mkono juu ya kichwa cha Rodina. Kweli inatosha yenyewe. Nimejifunza.

Adhuhuri Shangazi Wagida akapiga simu kutoka Tanta. Anakuja kwenye sherehe, na ndiye mkubwa pekee tuliyebaki naye, Nesma hataki kukaa kwenye kiti cha bibi harusi bila yeye. Ila kwanza atapita Imbaba kuulizia familia ya kijana. Akauliza anafanya kazi gani.

Nikafikiria mitende yake. Nikafikiria machozi ya Nesma.

Nikasema zimamoto.

Basbusa iko kwenye oveni. Kesho asubuhi nakwenda Imbaba kumtafuta mpiga pasi wa mtaa wao. Kosa la mara ile nimeliona: mioto ilikuwa mingi mno. Safari hii mmoja tu, na wote wauseme uleule.